Turubai la Mtaa Ukutani Kwangu

Leo nimejiaibisha, na si mbele ya watu wawili watatu. Mtaa mzima. Tena mama yangu mzazi akiwa shahidi namba moja. Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya nyumba, maana mbele bado kuna watu na sijui niwaangalie kwa uso gani.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mafriji hapa Kanyenye, Tabora mjini. Kibanda changu cha kazi kiko mbele ya nyumba yangu. Kila siku napoza maji ya watu, nyama za watu, maziwa ya watu. Nyumba yangu mwenyewe ni bati tupu bila dari, ukuta wa sebule unaangalia magharibi, na kipindi hiki kabla ya mvua, ikifika saa saba mchana humo ndani hapakaliki. Tuna feni mbili. Zinazunguka mchana kutwa, zinakula umeme, na hewa yenyewe ni ile ile ya moto.

Mama yangu anaishi Urambo. Ana presha. Mwaka jana daktari alitaka akae mjini mwezi mzima, karibu na kliniki, akaja kwangu. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta ameshavaa kanga za safari, begi liko mlangoni. Akaniambia, "Maganga, unapoza nyama za watu, mama yako unamchemsha." Akapanda basi, na habari ya kliniki ikaishia hapo. Mwezi uliopita akaanguka shambani. Hakuumia sana, lakini kaka yangu aliponipigia simu nilishindwa hata kushika bisibisi.

Juzijuzi akakubali kurudi, kwa sharti moja. Analala usiku mmoja kwanza. Akikuta nyumba ni ya moto, kesho yake anaondoka na basi la asubuhi, na nisimtajie kliniki tena maisha yangu yote. Kwa hiyo mnaelewa kwamba leo haikuwa siku ya mchezo.

Feni hataki, anasema inampiga kifuani. Kiyoyozi ndiyo kabisa, mimi navitengeneza na najua vinavyobugia umeme. Jibu nililipata Jumatatu kwa Mama Shirin, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye familia yake imekaa kwenye nyumba ile tangu enzi za babu yake. Aliniita kwa hasira, friji lake limekufa na maziwa yamechacha. Mimi hata sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nashangaa ubaridi. Nje jua linawaka, humo ndani natamani koti (hapo nimeongeza chumvi, lakini kidogo tu). Nikatafuta kiyoyozi ukutani, hakuna. Feni imezimwa.

Nikamuuliza siri yake. Akanieleza huku anafuta maziwa sakafuni. Kuta ni nene, za udongo, zimejengwa kama walivyojenga watu wa enzi za misafara. Madirisha anafungua alfajiri, ikifika saa tatu anafunga yote. Ukuta unaopigwa na jua la jioni ameuwekea kivuli. Sakafu anapiga deki, na masofa ya sponji hayataki kwa sababu yanashika joto. "Jua ulizuie nje," akasema. "Likishaingia ndani, umeme wote wa Tabora hautalitoa. Sasa nitengenezee friji."

Kuta nene sina. Hayo mengine yote, nikajiambia, mbona yanawezekana.

Leo tumeamka saa kumi na moja, mimi na mke wangu Rehema. Tukafungua madirisha, ubaridi wa alfajiri ukaingia. Binti yetu Tatu na wadogo zake walipoenda shule tukatoa masofa yote nje. Sebule ikabaki wazi, tukapiga deki, tukatandika mikeka, maana sakafu ya saruji ina ubaridi wake. Jiko tukalihamishia nje, mafiga matatu na sufuria kubwa ya maharage, ili moto usiingie ndani. Ilipofika saa tatu tukafunga madirisha na kutundika shuka nyeupe zilizoloa maji kuanzia mlangoni. Nikazima redio, televisheni, friji, mwisho nikazima mein swichi yenyewe, kwa sababu kila kinachokula umeme kinatema joto. (Hilo ni la kitaalamu. Mniamini hapo, hata kama hamtaniamini kwingine.)

Ukabaki ule ukuta wa magharibi. Kanga ni ndogo. Mkeka hautoshi. Nikakumbuka stoo.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Mtaa wetu una turubai, la bluu lenye mstari mweupe, tulilolinunua kwa michango. Halitoki kwenye harusi wala kwenye kipaimara, wazee walikataa kabisa, wakasema litachakaa. Linatoka kwenye msiba tu. Na linatunzwa kwangu, kwa sababu mimi nina stoo yenye kufuli na watu waliniona mwaminifu. Mtoto wa darasa la kwanza mtaani kwetu akiliona limefungwa mahali, anaacha kukimbia, anatembea taratibu.

Sasa mimi, kwa mikono yangu miwili, nikalitoa. Nikalifunga kutoka kwenye paa hadi kwenye nguzo mbili, upande wa barabarani, kivuli kikashuka ukutani vizuri kabisa. Masofa nikayasogeza chini yake yasiungue na jua. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaiangalia kazi yangu, nikajisifu. Rehema akaniuliza kama mjumbe wa mtaa hatasema kitu. Nikamwambia turubai ni kitambaa tu, lingekuwa linachagua kazi lisingekaa stoo kwangu. Tukapunguza kuni, nikafunga kibanda, tukaenda wote wawili stendi kumpokea Mama.

Basi la kufika saa tano limefika saa nane. Simu yangu ilizimika saa sita (sikuichaji, mein swichi nilizima mwenyewe) na ya Rehema tuliisahau nyumbani. Mama akashuka na kapu la karanga, dumu la asali, na kuku amefungwa miguu. Amepungua. Nilipompokea kapu nikauona mkono wake ulivyokonda, nikageukia pembeni nikajifanya natafuta bajaji.

Tunakata kona ya mtaa wetu, naona watu. Wengi. Wanaume wamekaa kwenye masofa chini ya turubai, wanawake viatu wameviacha mlangoni, baiskeli zimeegeshwa mpaka kwa jirani. Nikamwambia dereva apunguze mwendo. Nikauliza kwa masikitiko kabisa, "Nani tena amefariki mtaani kwetu?"

(Ndiyo. Mimi. Niliyefunga turubai.)

Rehema akanishika goti. "Baba Tatu," akasema taratibu, "pale ni kwetu."

Watoto wangu walikuwa shule. Nilichokiwaza sekunde ile sitakiandika hapa.

Nikaruka kabla bajaji haijasimama. Mama Asha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaniona, akaanza kulia upya na wenzake wakampokea. Bwana mmoja akanikumbatia akasema pole Fundi, kazi ya Mungu. Na mimi kwa mazoea nikajibu, tumshukuru. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Nimepokea pole kama saba za msiba nisioujua, kwa sababu mtu mzima unaanzaje kuuliza nani amekufa nyumbani kwako mwenyewe?

Mzee Issa, mjumbe wetu, alikuwa amesimama anazungumza. Akanipa ishara nikae. Akaendelea kwa sauti yake ile ya misibani. Alisema marehemu alikuja hapa mwaka jana akakaa siku mbili tu. Alikuwa anakaa barazani peke yake kutwa, na sisi tulikuwa tumejifungia ndani na feni zetu. Watoto wetu aliwapa karanga, lakini sisi wazazi wao hatukuvuka hata kumwamkia. Akasema hilo ni deni letu na tumechelewa kulilipa. Mama Asha akapiga kwikwi.

Hapo ndipo nikaelewa wanamzungumzia nani. Nikanyanyuka nimkatize. Na nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Hodi jamani. Poleni na msiba."

Mama alikuwa amesimama na kuku wake mkononi. Kanga ameishusha mabegani kwa heshima, uso una huzuni ya kweli, maana yeye alijua amefika kwenye matatizo ya watu. Akamwinamia Mama Asha aliyekuwa karibu na mlango. Akamuuliza, "Nani ametutoka?"

Mama Asha akamtazama usoni. Akamtazama kuku. Akamrudia usoni.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Ni nani?"

"Ni wewe."

Mzee Issa alikaa chini, akavua kofia, akaiangalia, akaivaa tena. Bwana aliyenikumbatia aliondoka bila kuaga, na baiskeli yake ameiacha hapa hadi sasa.

Ikabidi nieleze. Mbele ya watu si chini ya arobaini, nikasimama nikaeleza habari za ukuta wa magharibi, na sponji, na shuka za maji, na mein swichi. Na nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyozidi kujiona. Kutoa masofa. Kutandika mikeka. Kupika nje kwa sufuria kubwa. Kuzima redio. Kufunga kibanda siku ya kazi. Halafu turubai lile. Tangu alfajiri sikuwa nimefanya jambo hata moja ambalo hatulifanyi mtu akifa! Wao walipita, wakaona, wakapiga simu, hazipokelewi. Mama mgonjwa wanajua ninaye. Wakajumlisha wenyewe, wakaja na kuni na unga, Mama Asha akaendeleza maharage yangu. (Yameiva vizuri, hilo lazima niseme.)

Mzee Issa hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Ufunguo wa stoo." Nikampa. Miaka sita ya kuaminiwa imeisha hivyo.

Lakini aibu ya mtaa ningeibeba. Niliyemwogopa ni Mama. Mtu wa presha, ambaye daktari ametaka asishtuliwe, nimemshusha kwenye bajaji moja kwa moja hadi kwenye matanga yake. Nikamfuata nikamwambia anisamehe, na kesho asubuhi nitampeleka stendi mwenyewe, sitamtajia kliniki. Nilikuwa nasema huku machozi yananilenga.

Alinikabidhi kuku, akavua viatu, akaingia sebuleni. Akaketi mkekani katikati ya wanawake, akanyoosha miguu, akaipapasa sakafu kwa kiganja. Kisha akamgeukia Mama Asha. Akamuuliza kama ni yeye aliyekuwa analia sana, Mama Asha akaitikia kwa kichwa akiwa ameinama.

"Ulikuwa unanililia mimi?"

"Wewe, mama. Nilikuwa nawaza zile karanga."

Mama akaipapasa tena sakafu. Halafu akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa, "Mwaka jana sikukimbia joto peke yake. Nilikaa pale barazani siku mbili, hakuna aliyekuja. Nikasema moyoni, nikifia hapa nani atajua."

Mwaka mzima nimelilaumu bati. Mimi mwenyewe siku zile mbili nilikuwa kibandani, hatua kumi kutoka alipokaa, nimeinamia friji la mtu.

Wanawake walipotaka kuondoka na unga wao, Mama akawazuia. Akasema unga ulioletwa msibani haurudi nyumbani, na kuku yupo. Nikamuuliza kwa woga kama anaondoka kesho. Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu nikiwa mdogo. "Watu wameshanililia, wameshanipikia, halafu nipande basi? Kliniki ni siku gani?"

Ni Alhamisi. Nimemwambia Alhamisi, halafu nikaja huku nyuma.

Mtaniuliza, na nyumba ilipoa? Ilipoa, mpaka walipoingia watu ishirini na tano kwenye sebule ya mikeka mitatu. Hakuna kifaa kinachotema joto kama jirani anayelia. Lakini sasa jua limelala, wengi wametoka wamekaa nje, Rehema ameloesha shuka upya na kufungua madirisha. Nimechungulia mara tatu. Mama amejilaza palepale mkekani, feni imezimwa, paji la uso kavu, Mama Asha anamhadithia habari za mtaa. Mein swichi bado sijaiwasha, hii simu nimeichajia kwa jirani. Kesho natafuta nyasi nifume kivuli cha kudumu ukutani, maana turubai Mzee Issa ametoa ruhusa likae mpaka asubuhi tu, kwa heshima ya marehemu.

Kwa hiyo ukipita Kanyenye jioni hii ukaona turubai la bluu, ujue hakuna msiba. Ingia, msalimie Mama, maharage yapo. Ila tafadhali usicheke mbele yake. Kila anayeingia, Mama anamuuliza alikuwa wapi mwaka jana.