Sufuria ya Baba Ndani ya Mshale

Jumamosi, 1 Novemba 2025. Ruwais, Jeddah.

Miaka arobaini na mitatu na siku kumi na moja tangu nishuke kwenye ndege Riyadh nikiwa na sanduku moja na kopo moja. Sanduku lilikwisha zamani. Kopo lipo.

Dada yangu Serah amepiga simu kutoka Mbooni, kwetu Kenya. Kaburi la baba litawekwa jiwe. Hatimaye! Nikamshukuru Mungu. Kisha akanisomea maneno yatakayochongwa: NDETO, MPISHI WA JESHI. Nikakaa chini. Mpishi! Mtu aliyevuka mto kule Burma mwaka 1944, risasi zikinyesha!

Nikamwambia Serah nina ushahidi wa maandishi. Akajibu kwamba cheti cha baba cha kuachishwa jeshi kimeandikwa mpishi. Nikasema makarani wa jeshi hukosea. Akasema hata kwenye picha baba ameshika mwiko. Nikasema picha si hati.

Mwishowe akalegea. Fundi anaanza kuchonga Jumamosi ijayo. Wazee wa ukoo wamekubali jambo moja tu: mzee Ernest akikiri kwamba baba alipigana, wataandika ASKARI.

Ernest! Kati ya binadamu wote! Baba yake na baba yangu walitoka kijiji kimoja na kwenda vitani pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa mpima ardhi kabla ya kuja huku, basi watu humwamini hata akitaja saa. Sasa ni msimamizi wa bohari ya mabomba Al-Sulay, Riyadh. Mwaka jana, mbele ya watu, alisema baba yangu alipigana na Wajapani kwa mwiko. Walicheka mpaka Joy akamwaga chai.

Joy ni nesi, anakaa Aziziya, hapahapa Jeddah, na Ijumaa Wakenya hukutana kwake. Ijumaa hii mada ni historia. Kila mwenye karatasi za ukoo azilete. Ernest anakuja. Nitamkiri-sha. Nimeandika vibaya kwa hasira. Nitamlazimisha akiri.

Jumapili, 2 Novemba

Nimefungua kopo. Mna vitu viwili. Barua ya baba ya tarehe 14 Desemba 1944. Na kipande cha gazeti chenye ramani ya vita, mishale minene myeusi ikielekea mashariki.

Barua ni tamu. “Baada ya salamu nyingi kama majani ya mvua, mimi huku ni mzima, hofu ni juu yenu. Tumevuka mto wa” – hapo pana tundu. Wakaguzi wa jeshi walikata jina kwa wembe, adui asijue. “Maji yalichemka kwa risasi. Mimi nilikuwa wa mbele.” Wa mbele! Chini kuna alama ya gumba la baba. Mistari ya mwisho ni mambo ya nyumbani tu, haina uzito wa kihistoria.

Ernest hushikilia kwamba vita husomwa kwenye ramani, na barua za askari ni porojo. Vema. Nitampiga kwa silaha yake. Nimegundua mbinu ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Unalaza barua juu ya ramani, unaisogeza polepole, mpaka mto uonekane ndani ya tundu. Nimejaribu. Jaribio la kwanza: Chindwin! Nikapiga kofi peke yangu. La pili: Irawadi. La tatu: tangazo la sabuni ya kufulia.

Nitatumia jaribio la kwanza.

Jumatatu, 3 Novemba

Mpango: ramani kubwa ya ukutani. Watu huheshimu kitu kikubwa.

Nimepeleka kipande cha gazeti kwa Myemeni wa fotokopi. Kabla ya hapo niliweka nukta ndogo ya penseli kando ya mto, kwenye ncha ya mshale, mahali baba alipokuwa. Si kughushi. Ni kusaidia macho.

Myemeni akakuza mara kumi na mbili. Nukta ikawa kubwa kama tikiti maji. Ikafunika mto. Ikafunika na mji. Na doa la chai, pengine la mama, ambalo sikuwahi kuliona, limekuwa ziwa la kilomita mia mbili kusini mwa Burma. Nikamlalamikia. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, ziwa zuri.

Nimevingirisha. Nitawaonyesha upande wa kaskazini tu.

Jumanne, 4 Novemba

Habari mbaya. Joy anasema Ernest naye ana barua ya baba yake. Ameificha miaka yote, mnafiki yule, huku akiita barua porojo! Anaileta Ijumaa.

Lazima niione kabla. Nimemwambia kafili wangu, yaani mwajiri na mdhamini wangu, Abu Fahd, kwamba nakwenda Riyadh kumjulia hali mgonjwa. Kafili naye ni mzee. Siku hizi kazi yangu kwake ni kupanga vitabu vyake na kumsikiliza akilalamikia magoti. Akauliza mgonjwa anaugua nini. Nikasema kiburi. Akaniombea safari njema.

Jumatano, 5 Novemba. Riyadh.

Nimesafiri kwa basi usiku kucha. Shingo imegoma.

Ernest amenipokea kwa furaha. Jambo hilo lilinivuruga. Akaniita jirani yangu, akanikalisha ofisini mwake katikati ya mabomba, akaagiza mandi, wali na nyama, ya watu wanne. Anataka kujua kwa nini nimekuja. Nikasema nimepita tu. Akasema kilomita mia tisa na hamsini ni kupita kuzuri.

Lori likaingia, akatoka. Barua ilikuwa juu ya meza, ndani ya plastiki! Nikachomoa simu. Nikapiga picha upesi, kumi na moja. Nikasikia viatu. Nikarudi kwenye mandi.

Baadaye, msalani, nikazifungua. Picha kumi na moja za gumba langu. Lakini ile ya nane, pembeni mwa gumba, inaonyesha maneno. Nikasoma. Nikasoma tena. “Baada ya salamu nyingi kama majani ya mvua.” Na chini yake: “Maji yalichemka kwa risasi. Mimi nilikuwa wa mbele.”

Ameiba! Baba yake Ernest aliiba barua ya baba yangu! Neno kwa neno! Miaka themanini na moja ya wizi wa maandishi!

Nimenawa uso. Nikarudi nikitabasamu kama bwana harusi.

Alhamisi, 6 Novemba

Ernest alisisitiza turudi Jeddah pamoja kwa gari lake. Sikuweza kukataa bila kumshtua.

Saa kumi ndani ya gari na mtoto wa mwizi! Ana karanga, ana maji baridi, ana kaseti za kwaya za 1979. Tukaimba. Niliimba kwa hila. Karibu na Taif alisema mzee wake alikuwa akiimba sauti ya chini huku baba yangu akipiga sufuria kama ngoma. Nikauliza sufuria ipi. Akakohoa, akaongeza sauti ya kwaya.

Kwenye kizuizi cha polisi wakaomba ikama zetu, vibali vya ukaazi. Askari kijana akataka kujua kopo lina nini. Nikasema barua ya baba. Akauliza baba yuko wapi. Ernest akadakia kwamba mababa zetu walikuwa vitani pamoja, na sisi tumekuwa vitani tangu hapo. Askari akacheka, akatuambia yalla, nendeni salama, msipigane njiani.

Kesho halas, yamekwisha. Kesho namwanika.

Ijumaa, 7 Novemba. Aziziya.

Niandike kwa utaratibu, ingawa bado nacheka.

Sebule ya Joy ilijaa. Chapati, ndengu, watoto chini ya meza. Keziah naye alikuwepo, binti wa kwetu anayefanya kazi za nyumbani mtaa uleule wa Aziziya; madam wake humruhusu Ijumaa kuanzia alasiri hadi magharibi, na huwa hataki kupoteza hata dakika moja kwa mambo ya kijinga.

Nikabandika ramani. Ikajikunjua hadi chini. Watu wote wakaliona ziwa. Ernest akavaa miwani, akalitazama sana, akauliza kama baba yangu alilivuka kwa kuogelea. Vicheko. Kisha akagusa nukta na kusema kwamba kwa kipimo cha ramani hii, mzee Ndeto alikuwa na kipenyo cha kilomita ishirini.

Nikasoma barua ya baba. “Mimi nilikuwa wa mbele.” Nikatua. Kisha nikamnyooshea Ernest kidole, nikamwambia asome yake. Akasoma. Neno kwa neno! Nikasimama juu ya zulia, nikatangaza wizi.

Ernest akawaka. Akasema baba yake hakuwa na haja ya kuiba, yeye ndiye pekee katika kikosi aliyesoma misheni, ndiye aliyejua kalamu. Ikiwa kuna mwizi, ni mwenye gumba!

Hapo Keziah akainua simu yake. Nyanya yake amemtumia picha ya barua ya baba wa huyo nyanya, aliyekuwa kikosi hichohicho. Akaisoma kwa sauti. Salamu nyingi kama majani ya mvua. Maji yakachemka. Mimi nilikuwa wa mbele.

Ernest akaitazama barua yake, nami yangu.

Kisha Keziah akasema, “Aki wazee wangu! Sasa kama wote walikuwa wa mbele, nyuma alibaki nani?”

Joy akamwaga chai tena.

Ernest aliketi. Aliondoa miwani. Akakiri, naye ameanza kucheka, kwamba baba yake aliwaandikia wote. Sigara moja kwa barua. Mwanzo ulikuwa mmoja kwa kila mtu, kwa sababu askari walitaka wake zao wasikie jambo kubwa, na mkono ulichoka. Mwisho tu ndio kila mtu alisema yake.

Keziah akasema basi tusome miisho. Akaanza na yake: mbuzi mwekundu asiuzwe, hata mjomba akilia. Makofi! Wakanigeukia. Nikafunika mistari kwa gumba. Keziah akaniambia kama babu yake, “Guka, toa kidole.” Nikasoma: “Mwambie mama nimejifunza kupika wali usioshikana. Wahindi wamenisifu.”

Makofi makubwa kuliko ya mbuzi. Nikataka ardhi inimeze. Askari wangu amekwisha, nikawaza. Jiwe limekwisha.

Lakini Keziah hakuwa ameondoa macho kwa Ernest. Barua ya Ernest ilikuwa imekunjwa chini, ikabanwa kwa pini. Akamwuliza ni kwa nini. Ernest akasema karatasi ni dhaifu. Keziah akasema hata yeye ni dhaifu, ameamka saa kumi na moja, lakini hajakunjwa.

Ernest akaishika ile pini. Akaichomoa. Akasoma polepole:

“Naandika nikiwa jikoni kwa Ndeto, maana taa iko hapa. Jana risasi ilitoboa sufuria ya maharagwe. Mimi na sajini tulikuwa chini ya meza. Ndeto hakuinama. Aliziba tundu kwa bonge la ugali, akaendelea kukoroga, akatwambia tuache uoga, maharagwe yataungua.”

Joy aliweka birika chini. Kisha tulicheka wote, na Ernest zaidi, machozi yakimtoka. Akasema ameificha miaka yote kwa ajili ya ile meza. Nikamwambia meza ilikuwa imara, baba yake alichagua vizuri. Akanishika mkono. Palepale akampigia Serah. Akamsomea yote. Akasema mbele ya watu wote kwamba mzee Ndeto alikuwa shujaa, na yeye ni shahidi.

Magharibi ilikaribia. Keziah akafungiwa chapati nne, akaondoka mbio.

Jumamosi, 8 Novemba. Ruwais.

Serah ametuma picha. Fundi hakungoja asubuhi, ameshachonga; wazee wamebakiza mpishi, wakaongeza ushahidi wa Ernest. NDETO. MPISHI WA JESHI, BURMA 1944. MAHARAGWE HAYAKUUNGUA. Nimeitazama asubuhi nzima. Abu Fahd akataka tafsiri. Nikamtafsiria. Akasema kwa kaburi lake yeye anataka kitu kama hicho, lakini hajawahi kupika.

Hata hivyo nimefikiri. Bunduki ya Mjapani haifiki mbali. Ikiwa risasi ilifika kwenye sufuria, jiko lilikuwa karibu sana na adui. Nimechukua rula. Kwenye ramani ya gazeti, milimita moja ni kilomita nne. Mshale una unene wa milimita nane. Kilomita thelathini na mbili! Jiko lilikuwa ndani ya mshale. Huenda kwenye ncha! Kwa hiyo, kisayansi, baba alivuka mto kabla ya kikosi kizima, pamoja na sufuria. Nimempigia Serah, nikaomba fundi aongeze mshale mdogo juu ya jina. Serah amekata simu.

Ernest naye amepiga kutoka njiani. Amefikiri pia. Anadai lile bonge la ugali lilikuwa fungu la baba yake, basi sifa igawanywe nusu kwa nusu. Mnyang'anyi! Nitampinga Ijumaa ijayo. Nimeshamwagiza Myemeni nakala mpya, bila ziwa.

Serah amepiga tena jioni. Jiwe litafunuliwa Desemba. Anataka nije, nikae mbele. Nikamwambia nitakuja, lazima, aniwekee kitanda. Mwaka jana pia nilisema Desemba, na mwaka juzi. Zimekuwa Desemba arobaini na tatu. Ana barua zangu zote, na zote zinasema hivyo neno kwa neno.

Atakayezisoma baadaye asiishie kwenye salamu. Mstari wa mwisho, ule wa kweli, nauweka hapa: sitarudi.