Mtambo wa Kumsikiliza Bonge

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amesema wazi. Jumamosi anakuja, na akikuta mambo ni yale yale, anaondoka na Bonge, akakae naye mpaka atembee. Kosa langu: wiki iliyopita alimkuta Bonge analia chumbani peke yake, mimi niko sebuleni nashona, sina habari. Cherehani yangu ni ya mota. Ikinguruma hata mlango ukivunjwa sisikii. Wifi yangu alikuwepo, akatikisa kichwa kama daktari aliyechoka. Bonge ana miezi saba. Meno mawili. Haendi popote.

Nina mpango. Nimenunua kwa fundi kompyuta vitu viwili. Kihisi, kidogo kama kifuniko cha chupa, kinakaa karibu na godoro na kuona kama mtoto anatikisika. Na adapta, inafanana na flashi, inachomekwa kwenye kompyuta. Kihisi kinaiambia adapta bila waya, adapta inaiambia kompyuta, kompyuta inaniambia mimi. Umbea mtupu, ila wenye faida.

Fundi aliuliza kompyuta yangu ni ya mwaka gani. Nikamwambia inawaka.

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta yenyewe mume wangu aliichukua kazini kwake siku walipokuwa wanazitupa. Leo nimeanza kuona kwa nini walizitupa. Tundu la mbele limezama ndani na adapta yake. Nimeitoa kwa kibano cha nyusi. Tundu la nyuma limekubali. Nikatafuta mafaili. Hakuna hata moja. Nimempigia fundi simu kumlalamikia kwamba ameniuzia flashi tupu. Aliniomba kwa adabu nisimwambie mtu nimenunua kwake.

Mchana kompyuta ikaandika: kifaa hiki hakitambuliki. Nilikihurumia. Mwaka wangu wa kwanza kwa wakwe nilikuwa hivyo hivyo, nimechomekwa na hakuna anayenijua.

Haya yote Bonge akiwa mgongoni. Nikimlaza analia. Nikimbeba analala.

Jumatano, 5 Machi

Fundi amekuja mwenyewe. Aliitazama kompyuta kwa heshima, kama mtu aliyefika msibani. Akaeleza kwamba adapta ni ya juzi na kompyuta ni ya zamani, hawaelewani mpaka awekwe mkalimani, yaani programu fulani. Ameiweka. Adapta imewasha taa ndogo ya kijani! Nimempigia wifi kumpa habari. Akauliza kama Bonge ameshakula.

Tatizo jipya: kihisi cha chumbani hakisikiki, kwa sababu boksi la kompyuta ni la chuma na linameza mawimbi. Fundi amenipa waya wa kurefushia. Sasa adapta inaning'inia juu kwenye ndoano ya pazia. Ameniambia nisiiguse, dada, hata nikiipenda vipi.

Mteja wa sare za shule amekuja kuzichukua. Sijakata hata kitambaa. Nimemwambia wiki hii niko kwenye teknolojia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeweka sauti. Nilimlazimisha mume wangu arekodi maneno "Mama, mtoto ameamka." Alikuwa anachelewa kazini, kwa hiyo anasikika kama mtu anayekabwa. Sawa tu. Itanishtua vizuri.

Kujaribu kunahitaji mtoto alale kwenye godoro. Bonge amekataa. Nimejaribu kwa mto. Mto hautikisiki. Jioni nimemlaza mume wangu. Alijikunja pale kwenye kigodoro, miguu nje, akalala kweli, akajigeuza mara tisa. Mara tisa kompyuta imeita! Ya kumi aliamka na kuuliza nani anakabwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekanyaga cherehani, kompyuta imezima. Nimewasha tena, nimekanyaga tena, imezima tena. Fundi anasema mota inavuta umeme mwingi na kompyuta ile ni mzee, haistahimili. Kwa hiyo naweza kushona, au naweza kuambiwa mtoto ameamka. Si vyote viwili.

Mwingine angekata tamaa. Mimi kesho nitazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, na mlio nitautoa kwa mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe na wifi wamewahi! Nilipanga nimlaze Bonge wakigonga, lakini nikasikia viatu vya mama mkwe mlangoni, nikarukia kiti, mgongo ukutani, nikaanza kushona. Trrrr. Wameingia. Nikawaambia Bonge amelala chumbani, maana ndivyo nilivyokuwa nimejifundisha kusema tangu asubuhi. Trrrr. Wifi akauliza mbona cherehani inavuta pumzi.

Mama mkwe akasema anaenda kumwona mjukuu wake. Dakika haikupita, mume wangu akakabwa ndani ya kompyuta: Mama, mtoto ameamka!

Furaha niliyoisikia siwezi kuiandika. Niliinuka mbio, nikawaambia mnaona, mnaona. Chumbani nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kigodoro, anapumzisha magoti. Mtoto hayupo. Nikainua shuka. Nikachungulia uvunguni. Nikafungua kabati. Nikaanza kulia. Nikamshika mama mkwe mikono, nikamwomba anisaidie kumtafuta mwanangu.

Wifi akasema kutoka mlangoni, taratibu kabisa, nipapase mgongoni.

Alikuwa amelala. Hata hakushtuka.

Mama mkwe alicheka mpaka akajilaza, na kompyuta ikatangaza kwamba ameamka. Alipopata pumzi alisema huyu mtoto hawezi kumchukua, labda achukue na mgongo alioshonewa. Kisha akaona kitambaa cha sare, hakijaguswa, akaacha kucheka. Akasema atakuja kila Jumanne na Alhamisi kumshika, ili nishone kama watu wengine. Wifi alichukia kimya kimya. Nilimwona.

Jumapili, 9 Machi

Mtambo umemwokoa mwanangu. Usingelia kwa wakati ule, mama mkwe asingejua ninavyomsikiliza Bonge. Nimempigia fundi kumshukuru, na kuagiza kihisi cha pili, cha mlangoni, kinijulishe mama mkwe akifika. Anasema kompyuta ile haitabeba viwili. Ni mtu wa kukata tamaa haraka, yule.

Lakini amekubali kuja kukifunga Jumanne. Itabidi nimwambie mama mkwe asije siku hiyo, nitakuwa na kazi.