Mimba ya Mto wa Kochi

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Binti yangu kavimba miguu, ndala hazimwingii. Mimba mwezi wa nane, na presha hajapimwa hata mara moja! Tangu gonjwa hili liingie, kliniki ya wajawazito imefungwa, manesi wote wamepelekwa wodi ya wanaokohoa. Mama mkwe wake anasema yeye kazaa saba bila kumwona nesi. Nikamwambia usilalie mlango wazi kwa bahati ya mwenzio. Kanuna. Anune.

Jumanne, tarehe 5 Mei
Kliniki inafunguliwa kesho! Ila wataingia wachache, na wajawazito tu. Msindikizaji marufuku. Sasa huyu mtoto akiulizwa kama kichwa kinamuuma, atasema hapana, asisumbue watu. Ndivyo alivyo tangu mdogo. Lazima niwepo.
Nimepata akili. Mto wa kochi, shuka, kukaza barabara. Makunyanzi yatafichwa na barakoa. Binti kacheka mpaka kashika ukuta. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Jumatano, tarehe 6 Mei
Foleni tangu alfajiri. Mimi mbele, nimkinge na wanaokohoa. Mlinzi kanipa hongera, kumbe uzee si kitu. Nikainamisha macho kwa haya. Nimepita!
Geti likafungwa nyuma yangu. Nafasi zimeisha. Ya mwisho nimeichukua mimi na sponji langu! Binti kabaki nje, kashika nondo. Kasema kichwa kinamuuma. Yeye, mwenyewe, bila kuulizwa.
Nikauchomoa mto mbele za watu. Mlinzi akapiga yowe. Nesi akasema hongera mama, umejifungua salama, sasa toka umpishe mwenye mtoto. Foleni nzima hoi kwa kicheko.
Presha iko juu sana. Kalazwa. Nesi kasema tungechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine.
Nimekaa nje ya ukuta, mto mapajani. Nawafikiria waliokuwa nyuma yetu, wakarudi nyumbani na matumbo yao. Wao nani kawapima?

Alhamisi, tarehe 7 Mei
Presha inashuka. Mtoto anacheza tumboni. Nesi kaniagiza nitulie nyumbani, wodini haingii mtu asiye mjamzito. Nikamwapia: hila basi, nimekoma.
Jioni mama mkwe wake kaja, macho mekundu, kakumbatia mto wa kochi lake. Kasema na yeye anataka kumwona. Nikamwambia wewe utacheka getini, utuharibie. Niachie mimi.
Kakubali. Nimeifunga yote miwili.
Kesho naingia na mapacha.