Uzinduzi wa Chumba cha Chanjo Zisizo na Zebaki

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa uliyekuja kumwakilisha Makamu ingawa Makamu mwenyewe yupo, wataalamu wa afya, wadau wa maendeleo, kina mama wenye watoto na kina baba mliowasindikiza, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtoto analia.)

Nasimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu kuwathibitishia kwamba, katika implimentesheni ya mkakati shirikishi wa chanjo salama, mimi mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, nimezipiga marufuku chupa za chanjo zenye zebaki. (Makofi.) Wataalamu walidai zebaki ile ni kiduchu, haimdhuru mtoto, na kazi yake ni kuzuia vijidudu chupa moja inapochanja watoto kumi. Nikawauliza, mataifa makubwa yameiondoa, sisi tuna upungufu gani? Hawakujibu. ("Tulijibu, mheshimiwa," anasema muuguzi.) Walijibu, ila kwa kirefu. (Kicheko.)

Sasa kila mtoto atakuwa na chupa yake, na kwa kuwa chupa zote hizo hazitaenea kwenye jokofu letu moja, tukabuni chumba baridi cha kisasa, ambacho asilimia tisini na saba ya utekelezaji wake imekamilika, yaani vikao. (Makofi hafifu.)

("Baba," anaita binti wa mgeni rasmi kutoka safu ya mbele, kichanga mapajani, "watoto wanachanjwa saa ngapi?") Mwanangu, mgeni rasmi hakatizwi. ("Kifaduro kimeshaingia mtaa wa pili, baba." Minong'ono.)

Kwa kuhitimisha, semeni nami: mtoto mmoja, chupa moja! (Kina mama wanatazamana.) Zebaki, nje! (Mzee mmoja anakohoa.) Namshukuru seremala kwa mlango huu, na jirani yetu aliyekubali tuupachike kwenye ukuta wa duka lake, kwani chumba chenyewe bado hakijajengwa, wala chupa mpya hazijaagizwa.

(Binti anasimama, anamkabidhi baba yake kile kichanga.) Na huyu mjukuu wangu naye bado hajachanjwa? ("Bado, baba. Wewe ndiye uliyezirudisha chupa za zahanati yetu.")

(Anakunja hotuba.) Dereva, washa basi la msafara. Zahanati ya ng'ambo ya mto bado wanazo zile chupa za zamani, maana waraka wangu haujawafikia, na Mungu ashukuriwe. Kina mama, pandeni. (Wanapanda wote. Basi linajaa.) Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa naomba msogee kidogo, nami nipate pa kukaa na mjukuu wangu.