Nati Nne, Nati Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Korola imepata ringi mpya. Si mpya kabisa, zimetoka kwenye gari lililopata ajali huko Masasi, lakini zinang'aa mpaka nimeona meno yangu ndani yake.

Jumamosi shemeji yangu Zawadi anaolewa. Ameomba jambo moja tu: atolewe kwao Mahurunga kwa gari la marehemu baba yake. Gari lenyewe ndilo hili. Mzee Rajabu alipofariki, mama mkwe alimwachia Shamimu, mke wangu, na mimi ndiye dereva. Nikaona haifai bibi harusi kupandishwa gari lenye ringi ndogo za chuma, zilizopakwa rangi ya maziwa kwa brashi.

Nina mpango mwingine, sijamwambia mtu. Picha za harusi zikisambaa, watu watalitaka gari. Nitalikodisha kwa maharusi Mtwara nzima. Duka langu la fotokopi halitoshi. Shule zikifungwa, nakaa na mashine tunatazamana.

Shida ilikuwa moja. Korola ina nati nne kila gurudumu, ringi hizi zina matundu matano. Amani, anayeuza vipuri vilivyotumika kule Mtawanya, akasema hilo dogo, zipo adapta. Akanionyesha: bamba nene la aluminiamu. Linafungwa kwenye gari kwa nati nne, na lenyewe lina boliti tano za kushika ringi. Ringi za zamani akazichukua pamoja na tairi zake, kama sehemu ya malipo. Nikampa zote. Nilibaki na tairi ya akiba tu, kwa sababu niliisahau kwenye buti.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Andrea amelizunguka gari mara mbili akiwa amefunga mikono mgongoni. Andrea anafanya kazi bandarini na ana pikapu ndefu nyeupe, kwa hiyo hujiona mkaguzi wa magari yote ya mtaa. Akasema tairi zimetokeza nje ya bodi kama masikio. Kisha akasema Jumamosi atatufuata kwa nyuma. Nikamwambia hakuna haja. Akasema ameshamwahidi mama mkwe kubeba masufuria.

Mama mkwe wangu. Anamwomba Andrea.

Ni kweli tairi zinasugua kidogo nikikata kona. Fundi Gideoni amezigonga kingo za madigadi kwa nyundo mpaka zikapisha. Akaniambia nikishaendesha siku mbili tatu, nivue magurudumu yote na kukaza nati za ndani zinazoshika adapta, maana hulegea zikiwa mpya. Nikamwambia nitafanya mwenyewe.

Shamimu aliuliza ringi za zamani ziko wapi. Nikasema ziko mahali salama. Kwa Amani kuna uzio na mbwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekaza nati za upande wa kulia. Zilikuwa zimelegea kweli. Nilipohamia kushoto, Andrea akaja kudai jeki yake, niliyokuwa nimeiazima kwake. Akachungulia, akauliza kama kuna tatizo. Nikasema nilikuwa nafuta vumbi. Nikampa jeki.

Kushoto nitakaza kesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku nzima mbio za harusi. Viti, turubai, kanzu. Sikukaza. Gari limetembea salama mpaka sokoni na kurudi.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jana ndoa ilifungwa vizuri. Wanawake wakamtoa Zawadi ndani kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya bodi, nikimsubiri mpiga picha. Zawadi akainua ushungi kidogo. Hakunitazama mimi. Alitazama chini.

"Shemeji, ringi za baba ziko wapi?"

Nikasema nimezihifadhi, zisichafuke. Akapanda.

Njiani akawa anamsimulia Shamimu kwa sauti ndogo. Mimi nilisikia kila neno. Chumvi ya pwani ilikuwa imekula zile ringi, na baba yao hakuwa na uwezo wa nyingine. Akanunua kopo la rangi. Zawadi alikuwa darasa la pili. Baba akampa brashi, akamwachia gurudumu la nyuma kushoto apake peke yake. Rangi ikachuruzika, mistari ikaenda hovyo. Mama akataka irudiwe, Mzee akakataa. Kila mgeni aliyefika pale nyumbani alipelekwa kwanza nyuma ya gari kuonyeshwa kazi ya binti yake.

Nikaangalia barabara.

Tulikuwa tumeiacha Mahurunga, tunapita kwenye mikorosho. Gari likaanza kutetemeka nyuma. Nikapunguza mwendo, nikisema moyoni ni barabara tu. Halafu nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, taratibu, linang'aa sana. Nikajiuliza la nani.

Kisha gari likakaa chini.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Bangili ya Shamimu ilimparuza Zawadi mkononi, basi. Gurudumu lenyewe liliingia shamba la mihogo, likalala huko. Andrea akasimamisha pikapu. Nilijiandaa kwa maneno yake. Badala yake aliyasogeza masufuria nyuma, akapangusa kiti cha mbele kwa leso yake, akamfungulia bibi harusi mlango. Ningependa sana kama angenicheka.

Zawadi hakulia. Alinyanyua gauni, akapanda, akatazama mbele. Shamimu akapanda naye. Gari lililombeba mama mkwe likapita polepole. Alitoa kichwa, akasema jambo na dada yake kwa Kimakonde. Kimakonde changu ni kidogo, lakini kilitosha.

Picha zote za harusi zina pikapu ya Andrea.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika Mtawanya kabla Amani hajafungua. Nikamwambia nataka ringi zangu. Akasema moja ipo, ameiwekea ndoo juu. Mbili amemuuzia Omari, mwenye mkokoteni wa barafu Mikindani. Ya mwisho aliichukua mtu wa tela ambaye ameshavuka Ruvuma, yuko Msumbiji.

Nikaigeuza ile ya ndoo. Rangi imenyooka. Nikaenda Mikindani nikiomba dua njia nzima.

Mkokoteni niliuona mbele ya nyumba za mawe, umesheheni barafu. Nikapiga magoti kuangalia magurudumu, na Omari akadhani nataka kuiba. Zote mbili zimenyooka. Nilimweleza kisa chote. Akasema atakubali kubadilishana, nimletee mbili nyingine, lakini kwanza nimsaidie kusukuma mzigo kwa wauza samaki, maana namyeyushia barafu kwa maneno. Nikasukuma. Wanafunzi wangu wa fotokopi wakanipita, wakanisalimia kwa adabu ya kupita kiasi.

Ringi ya Zawadi ndiyo iliyovuka mto.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata njia. Jana nilimpelekea Omari ringi mbili nyingine akanipa zangu, na ile ya ndoo nimeichukua kwa Amani, kwa hiyo imebaki moja tu.

Ile ya akiba iliyosahaulika kwenye buti ni nyeusi, lakini ni ileile nati nne. Nimenunua rangi ya maziwa. Nimepaka kwa mkono wa kushoto ili mistari iende kitoto. Nikaacha ichuruzike sehemu mbili. Nikaipaka tope na majivu iwe na umri. Kwa mbali, hata mimi nimeguswa.

Shamimu alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Tangu Jumamosi ananijibu kwa ndiyo na hapana. Leo amesema zaidi.

"Hemedi, hata ukitaka kutubu lazima uweke ujanja."

Akaingia ndani. Nikabaki na brashi. Nimekaa pale mpaka rangi ikakauka.

Ijumaa, 15 Agosti

Zawadi amekuja na mumewe baada ya swala. Gari lilikuwa limeshatoka kwa Gideoni, limerudi kwenye nati nne pande zote. Ringi yangu ya mkono wa kushoto ilikuwa nyuma kushoto.

Akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Shamimu alikuwa mlangoni ananitazama, na maneno yakanipotea. Nikamwambia Zawadi ukweli. Kwamba ya baba yake imevuka mto na sitaipata. Kwamba hii nimeigiza.

Alikaa kwenye kigoda. Mumewe akawa anatazama kuku wetu. Kisha Zawadi akasema, bila hasira, kwamba ningemuuliza tu, angeniambia.

Ningemuuliza tu. Nimelirudia neno hilo tangu mchana.

Akakwangua rangi yangu kwa ukucha, akaomba brashi. Akaipaka upya mwenyewe, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Alipomaliza akarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa safi kabisa, mstari hata mmoja haukuyumba.

"Imenyooka mno," akasema.

Akanirudishia brashi. Shamimu akampa ufunguo wa gari, akae nalo kwa muda. Hakuna aliyeniuliza. Wakaondoka. Jioni Andrea akanisalimia akiwa kibarazani kwake, nikaitikia vizuri tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau. Siku tatu bila gari nimepata nafasi ya kufikiri, na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Adapta ni kulazimisha. Gari la nati nne lina ringi zake, na ringi za nati tano zina gari lake.

Ringi zangu kubwa bado zipo, Shamimu anaanikia juu yake mihogo. Amani amekataa kuzirudisha. Ila ameniambia, kwa siri, ana bodi ya gari refu la zamani, milango yote ipo, nati tano kila gurudumu. Nimekwenda kuliona. Ringi zangu zinaingia kama zilizaliwa nalo. Kwa maharusi, hakuna gari kama lile Mtwara nzima.

Halina injini, lakini hilo ni jambo la baadaye.

Nimemwachia Amani mashine moja ya fotokopi, ile nzuri. Bodi inaletwa Ijumaa. Shamimu nitamwambia Jumamosi.