Pua za Ng'ombe wa Mjomba Hhando

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika nyumbani, kijiji cha Daudi, Mbulu. Ukungu hadi mlangoni. Mama amenipokea kwa ugali wa moto na habari mbaya: ameshatangaza kwenye jumuiya kwamba mwanawe anahitimu sayansi ya kompyuta mwaka huu. Wamepiga vigelegele. Hadi mbuzi ameshachaguliwa. Nimemwona. Ananiangalia vibaya.

Sikumwambia Mama kwamba mradi wangu wa mwisho umekataliwa. Uonevu mtupu! Ulikuwa mradi mzuri, watu wawili walishaufanya kabla yangu na wote walifaulu. Kosa lenyewe dogo: ukurasa wa shukrani. Ulimshukuru mke wangu mpendwa na watoto wetu. Dkt. Nikolausi, msimamizi wangu, aliniuliza kwa upole harusi ilikuwa lini.

Amenipa nafasi ya mwisho. Nifanye mradi na Letisia Gidamis wa Gendabi, kule Hanang. Nikiharibu narudia mwaka, na kwa kuwa mradi sasa ni wa wawili, Letisia naye anarudia. Alikubali! Sijui aliona nini kwangu. Huyo ndiye kichwa cha darasa letu, nasema bila wivu. Wivu kidogo.

Wazo ni lake. Anasema mistari kwenye pua ya ng'ombe ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Basi ameandika programu: unaielekeza simu kwenye pua, inakutajia ng'ombe na mwenyewe. Isipomtambua inasema "Simjui". Ng'ombe akipotea akaonekana mnadani, piga picha pua, ubishi umekwisha. Mimi nimesoma miaka mitatu na sikuwahi kuitazama pua ya ng'ombe. Yeye ameitazama na akaona hesabu.

Kazi yangu ni picha. Ng'ombe wa Daudi ni wa kuifundishia programu. Ng'ombe wa Gendabi, ambao haijawahi kuwaona, ni wa kuipa mtihani: hao inatakiwa ikiri kwamba haiwajui. Letisia amesisitiza nizunguke nyumba nyingi. Nizunguke na baridi hii? Nina mjomba mwenye zizi zima.

Jumanne, 17 Juni

Nimeenda kwa Mjomba Hhando. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, habari za chuo, habari za baridi. Kisha nikaomba kupiga picha ng'ombe. Mjomba akasema hana ng'ombe, ana mifupa michache tu inayotembea. Hivyo ndivyo anavyosema kila mwaka michango ya harusi inapoanza.

Akauliza pua za nini. Hapo nikataka aone kwamba mpwa wake si mtu wa mchezo. Nikamwambia ni jambo zito. Siku si nyingi mtu yeyote atanyanyua simu na kujua kila ng'ombe ni wa nani, awe amefichwa wapi. Nikaongeza kwamba wakubwa wanalisubiri kwa hamu. Hakuna mkubwa anayelijua, lakini lilisikika vizuri.

Mjomba akaweka kikombe chini. Akaagiza niongezewe chai. Nadhani amevutiwa sana.

Nimepiga picha hadi mkono ukafa ganzi. Jike moja limeilamba simu yangu mara nyingi kuliko nilivyolipiga picha. Linaitwa Lucia, jina la mama mkwe wake Mjomba. Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, nikamtumia Letisia picha. Akajibu kwamba asante, ila nusu yake si pua, ni ndimi. Nipige upya.

Nikarudi kwa Mjomba. Zizi tupu! Amebaki dume mmoja mzee, anatafuna kwa huzuni. Mjomba anasema wengine wamekwenda malishoni. Malisho gani ya siku mbili? Lakini mkubwa hahojiwi, na mimi nilikuwa na njia ya mkato.

Njia yenyewe: nikachukua picha zilezile zilizo nzuri, nikazigeuza. Kushoto ikawa kulia. Nyingine nikazipunguza mwanga, nyingine nikazipinda kidogo. Nikawa na picha mara nne! Nikatuma nikijisifu.

Letisia akajibu kabla sijashuka kilima. Amegundua. Tena hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Anasema kuzigeuza picha ni njia halali, wataalamu huitumia siku zote kuongeza mafunzo, na programu yake inazigeuza yenyewe tangu mwanzo. Kwa hiyo hata udanganyifu wangu umeshavumbuliwa na watu waaminifu. Mimi nifanye nini sasa?

Jumapili, 22 Juni

Gendabi. Nimefika kwa kina Letisia nikiwa na vumbi hadi masikioni. Baba yake, Mzee Gidamis, ni mrefu, mkimya, na shuka lake limekaa sawa. Nikamwamkia mara mbili kwa hofu.

Letisia alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, kompyuta mapajani, waya umeunganishwa kwenye sola ya paani. Mtandao hakuna. Anaandika tu, kutoka kichwani. Mara moja moja anainua macho, anaita ndama aliyekaribia mahindi, anarudi kwenye mstari uleule bila kupoteza neno. Nilisimama nikamwangalia. Mimi nikiandika mistari mitano nasahau wa kwanza. Mungu ametoa, na pale alipotoa ametoa kwa debe.

Mchana akaenda kuwanywesha ng'ombe wa upande wa pili, akaniachia mtihani. Rahisi: nielekeze simu kwenye pua za zizini, programu iseme "Simjui".

Wa kwanza: "Simjui." Safi.

Wa pili: "Lucia, wa Hhando, Daudi."

Nikafuta kioo. "Lucia, wa Hhando, Daudi." Anayefuata naye wa Hhando. Na mwingine! Nusu ya zizi la Mzee Gidamis, Gendabi, programu inadai ni la mjomba wangu aliyeko kule juu ukunguni.

Balaa. Ni zile picha zangu za ndimi, nikawaza, zimeiharibu akili.

Mzee Gidamis alikuwa nyuma yangu na alisikia, maana programu inatamka kwa sauti. Nikamuuliza kwa heshima kama hawa ni ng'ombe wake. Akasema wako nyumbani kwake. Kisha akaniomba simu niitie mfukoni. Amekasirika, na ana haki: ni nani apendaye kuambiwa ng'ombe wake ni wa mtu mwingine?

Ilibidi nirekebishe kabla Letisia hajarudi. Nimekaa mbele ya kompyuta yake na nikaona tatizo mara moja. (Nami nimesoma!) Kuna namba moja ya kiwango cha uhakika: programu isitaje jina mpaka iwe na uhakika wa asilimia themanini. Nikaweka mia. Kompyuta ikanitaka niandike jina langu na nilichobadilisha. Nikaandika: "Sylvester. Kuweka mambo sawa."

Nikajaribu tena. "Simjui." "Simjui." "Simjui." Zizi lote! Amani. Mzee Gidamis akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia Letisia kwamba mtihani umepita bila kosa hata moja. Hakufurahi. Akasema mtihani usio na kosa hata moja huwa una kosa. Anataka kuurudia yeye mwenyewe. Nikasema simu haina chaji. Akasema kuna sola. Nikasema waya umekatika. Nikatoka nje nikaukata.

Kesho Dkt. Nikolausi anapita hapa akielekea Katesh, atatukagua. Nimemwomba Letisia niwe msemaji. Amekubali, eti sauti yangu inasikika vizuri. Jamani, moyo mwema kiasi hiki unakera.

Jumanne, 24 Juni

Leo lazima niandike.

Dkt. Nikolausi alikuja asubuhi, viatu vinang'aa. Na nyuma yake, kwa miguu, nani? Mjomba Hhando! Anasema alikuwa akipita tu, akaona aje kumsalimia rafiki yake Gidamis. Kutoka Daudi! Wakasalimiana kwa muda mrefu, kama watu walioachana jana.

Nikaanza. Nilisema vizuri sana. Nikaelekeza simu: "Simjui." Wa pili: "Simjui." Nikainama kidogo kwa shukrani. Dkt. Nikolausi akasema vema, sasa nimwonyeshe ng'ombe ambaye programu inamjua. Nikafungua ile picha ya Lucia niliyopiga Daudi, iliyotumika kufundishia kabisa.

"Simjui."

Akajaribu yeye na nyingine. "Simjui." Akasema programu isiyomjua yeyote si programu, ni mtu anayekwepa kusalimia. Kisha akasema kwa huzuni kwamba hawezi kuupitisha mradi huu.

Nikamwangalia Letisia. Hakunilaumu. Uso tu ulibadilika, akawa kama mtu aliyefika kisimani akakuta kimekauka. Hapo ndipo nikaona aibu. Ya kwangu nimezoea, hii ilikuwa ya kwake na mimi ndiye niliyemvisha. Nikasema. Mbele ya wote: nimebadilisha namba, ni mimi, si yeye.

Letisia akaomba dakika chache. Kumbe yeye huhifadhi kila toleo la programu, tangu siku ya kwanza, na kila badiliko lina jina la aliyelifanya. La mwisho: "Sylvester. Kuweka mambo sawa." Akarudisha toleo la kabla yangu. Huyu mtu amejiandalia njia ya kurudi kutoka kwenye makosa ambayo hajayafanya bado!

Akaelekeza simu kwa yule wa pili, jike moja. "Lucia, wa Hhando, Daudi."

Nikataka kusema programu imechanganyikiwa. Lakini Letisia hakuitazama simu. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Mjomba wangu, akamtazama baba yake. Nami, taratibu, nikaelewa.

Kwetu mtu haweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Anampelekea rafiki wa mbali, rafiki anachunga na kunywa maziwa, na ugonjwa ukija, au ukame, au ndugu wa kuomba, si wote wanaopotea. Na hawatajwi. Nimekulia katika hilo! Mjomba aliposikia maneno yangu ya wakubwa na simu, akawashusha Gendabi alfajiri iliyofuata. Letisia aliona ng'ombe wageni zizini, lakini wageni wa namna hiyo hawaulizwi, na picha zangu zilimwonyesha pua na ndimi tu. Na mimi niliwaangalia ng'ombe wa mjomba wangu zizi zima nisiwatambue, maana tangu Daudi sijawahi kupandisha macho juu ya pua.

Programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mwenye kosa nilikuwa mimi peke yangu.

Lakini sasa afanye nini? Akisema programu imekosea, tunarudia mwaka. Akisema iko sahihi, anaianika siri ya wazee wawili, mmoja wao baba yake. Dkt. Nikolausi, ambaye naye ni mtoto wa Mbulu, aligeuka kuutazama mlima Hanang kana kwamba ndio kwanza umeota.

Letisia akaifunika simu kwa kiganja. Akawasogelea wazee, akapiga goti kidogo, akasema programu imesema jambo, na jambo hilo ni lao. Wakimwambia anyamaze, atanyamaza.

Jamani! Mimi ningekuwa nimeshasema mara tatu.

Mjomba Hhando alinitazama. Akasema dada yake ameshachagua mbuzi. Kisha akaita: "Lucia!" Lile jike likainua kichwa, likaja moja kwa moja, likamlamba koti. Mjomba akasema kwa sauti ya kila mtu: "Wangu huyu. Na wale." Mzee Gidamis akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, akasema maziwa ya Lucia ni mazuri, Mjomba asitegemee kurudishiwa.

Dkt. Nikolausi akapeana mkono na Letisia kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini Letisia akasema bado kuna kosa moja. Programu inajua, ila haina adabu. Akakaa kwenye kigoda, tukasubiri tukinywa chai, na aliposimama ilikuwa imebadilika: mwenye ng'ombe, kwa neno lake la siri, anatajiwa kila kitu. Mtu mwingine yeyote anaambiwa maneno mawili tu: "Ana mwenyewe." Inatosha kumrudisha aliyepotea. Haitoshi kumuumbua mtu.

Dkt. Nikolausi akasema amefundisha wengi kuandika programu inayosema, na leo ndiyo kwanza anaona inayojua kunyamaza. Tumepita! Iliyobaki ni ripoti, kila mmoja aandike ya kwake.

Nikamwapia Letisia kwamba kuanzia leo sitafuti njia ya mkato tena. Akasema ataandika tarehe.

Jumamosi, 28 Juni

Daudi. Jua limetoka. Mbuzi hayupo tena, ni mchuzi. Ndugu watatu wameshapita kwa Mjomba kuomba ndama, wakakuta zizi tupu. Mjomba anasema ng'ombe wamekwenda malishoni.

Ripoti nimeandika mwenyewe, kila neno, nakiri kwa fahari. Nimebakiza ukurasa mmoja mdogo wa shukrani tu, na kichwa kimechoka. Bahati nzuri Letisia alinitumia ripoti yake niione mfano. Shukrani zake ni nzuri ajabu! Anamshukuru baba yake, Mzee Gidamis, kwa kumsomesha binti wakati majirani wakimcheka. Nililia, kwa kweli. Haiwezekani kuandika vizuri zaidi ya hapo, na kujaribu kungekuwa kumkosea heshima. Kwa hiyo nimeuchukua ukurasa wote kama ulivyo, nikabadilisha jina la chini, nikapanda kilimani, nikatuma.

Hata sijashuka kilima, simu inaita. Dkt. Nikolausi! Bila shaka ukurasa huo umemgusa hata yeye.