Mama wa Ukutani Anaitikiwa Kuliko Mimi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kiwanda cha Hita za Maji ya Kuoga,

Sasa hivi tu mwanangu Hayate ameuinamia ukuta. Nilikuwa nimemwita aje kuoga mpaka koo limekauka, naye yuko chini ya meza na gari lake la zimamoto, kama hasikii kitu. Mara kile kibao chenu cha vitufe hapa jikoni kikapiga kawimbo kake, na sauti ya yule mama wenu aliyemo ndani yake ikasema, "Maji ya kuoga yako tayari." Hayate akatoka mbio, akasimama wima, akainama mpaka nywele zikagusa magoti, akasema, "Naam! Asante sana!" Nguo akazimwaga mlangoni, akakimbilia bafuni kwa bibi yake. Mimi nikabaki na soksi moja mkononi. Ndipo nikaona bora niwaandikie.

Poleni na kazi, na poleni na baridi inayoanza kuingia. Mimi ni Nagomi Ikuta, mke wa Tetsuro, wa hapa mjini Kurayoshi. Shule sikuendelea sana. Kabla ya kuolewa nilikuwa nikipanga mapea ghalani, kwa hiyo nikikosea adabu ya maandishi mnisamehe. Hita yenu haina kasoro. Ugomvi wangu ni na huyo mama aliyemo ndani yake. Nimeyapa malalamiko namba ili msomaji wenu asichoke.

1. Ana adabu kupita kiasi. Hapandishi sauti. Hasemi "wewe mtoto wewe!" wala "ngoja baba yako aje." Anaanza na wimbo, anatoa habari yake, ananyamaza. Mwanangu ana miaka mitatu tu, na ameshakata shauri kwamba mtu asiyeanza na wimbo hana la maana la kusema.

2. Haugui. Wakati wa baridi iliyopita nilishikwa na mafua, sauti ikawa ya chura. Hayate akanitazama kwa huruma, akauliza, "Mama, betri yako imeisha?" Akaenda kuzitoa zile za gari lake la zimamoto aniletee. Nililia, waheshimiwa, na mpaka leo sijui kama nililia kwa hasira au kwa kumpenda.

3. Amewaambukiza wenzake. Sufuria ya umeme inaimba wali ukiiva. Friji ikiachwa wazi inalalamika, tena kwa upole. Choo chetu kinafunua kifuniko chenyewe mtu akikaribia, kama mwenye nyumba ya wageni anayempokea mteja wa siku nyingi. Nje nako, lori likikata kona linatuomba tujihadhari, na pale wanapochimba barabara wameweka bango la fundi wa kuchorwa, kofia kichwani, ameinama anaomba radhi kwa usumbufu. Hayate humrudishia heshima kila tukipita, na tunachelewa sokoni. Angalieni basi: mtu wa kuchorwa anaomba radhi. Mume wangu, mwenye nyama na mifupa, aliikanyaga miwani yangu akaniuliza, "Nani kaiweka hapa?"

4. Sasa anatolewa sadaka. Juzi nilikuta nusu ya chenza juu ya kigoda, mbele ya kibao chenu, limewekwa vizuri kama tunavyomwekea babu yake marehemu kwenye madhabahu ya nyumbani. Nikauliza, "Hili la nani?" Hayate akajibu, "La mama wa maji. Kafanya kazi kutwa nzima." Siku hiyo mimi nilikuwa nimefua, nimepika, nimepalilia vitunguu vya mama mkwe, na chenza lenyewe nililimenya mimi. Mama mkwe, Bibi Fusae, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwache mtoto, Nagomi. Angalau kuna mmoja humu ndani anayejua kusema na watu."

5. Amemchukua na baba mtu. Tetsuro akirudi kazini ana maneno matatu: "Chakula. Kuoga. Kulala." Lakini mama wa ukutani akitangaza maji, yeye hujibu, "Haya, asante, naja!" Naja! Tangu anioe sijaonja hiyo "naja." Mimi hupewa "Mmh," na siku za sikukuu "Mmh, mmh."

6. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Jumatatu Hayate ana usaili wa chekechea. Mwalimu mkuu huita jina la mtoto, la ukoo likitangulia, mtoto hunyoosha mkono na kusema "Naam!" Ni hilo tu. Mtoto wa jirani yetu alikaa kimya mwaka jana, na wazazi wake wakaambiwa, kwa upole mkubwa, kwamba huenda angefurahi zaidi kwingine. Kwingine ni ng'ambo ya mlima. Chekechea hii ninaiona dirishani, nasikia watoto wanavyocheka, na kila nikianika nguo najisemea: wangu atacheka pale.

Basi tumefanya mazoezi. Nakaa kwenye mto wa kukalia kama mwalimu mkuu, nakohoa kidogo. "Ikuta Hayate!" Kimya. "Ikuta Hayate!" Anachokonoa pua. Bibi Fusae, huko kwenye sinki, akaimba ule wimbo wenu kwa pua, akasema bila hata kugeuka, "Ikuta Hayate." "Naam!" Mkono juu mpaka bega linataka kung'oka! Nikajaribu na mimi kuimba. Akanikatiza, "Siyo hivyo, Mama. Anza upya."

Waheshimiwa, mwalimu mkuu hataimba. Ni mtu mzima mwenye vyeti.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mama wenu akishatangaza maji, aongeze, "Sasa msikilize mama yako." Kama haiwezekani, mfundisheni kuchoka. Siku moja moja akohoe, aseme, "Nimesema mara ngapi?" na ikibidi asuse kabisa, maji yapoe, watu waulizane amekasirikia nini. Na kama heshima ya kiwanda hairuhusu, basi nitumieni mwenyewe, Jumatatu ampeleke Hayate kwenye usaili. Suti yangu ya buluu iliyokoza nimeshaipiga pasi, naona itamkaa. Mume wangu hatagundua, labda mpaka aonje mchuzi. Mimi nitaingia ukutani mahali pake. Kazi yake nimeichunguza, naiweza: kuimba kidogo, kusema jambo moja, kushukuriwa, kunyamaza. Kusema kweli, kadiri ninavyoiandika ndivyo ninavyoitamani.

Nisalimieni mkurugenzi na mkewe, mafundi wote, na walinzi wa getini. Msalimieni kwa namna ya pekee dada aliyetoa sauti yake. Kama ana watoto, mwulizeni taratibu: wakiitwa, wanaitika?

Wenu katika subira,
Nagomi Ikuta, mama yake Hayate

Nyongeza: Naandika haya jioni ya pili, barua bado sijaibandika stempu. Bibi Fusae aliniona nikiandika, akaniuliza ninamlalamikia nani. Nilipomweleza akanitazama kama mtu aliyeona samaki akipanda ngazi. "Nagomi, mwanangu, si kuna kitufe cha kumnyamazisha?" Kipo kweli. Kipo pale pale chini ya kibao, tangu fundi wenu alipokifunga.

Nikakibonyeza leo asubuhi. Jioni maji yalipopata moto, kimya. Hayate akaja kusimama mbele ya ukuta, akangoja, akaupapasa. Kisha akanifuata, akanishika kidevu kwa mikono yote miwili. "Mama, sema wewe." Nikasema, bila wimbo, kwa sauti yangu hii ya ghalani, "Hayate, maji ya kuoga yako tayari." "Naam! Asante sana!" Akaniinamia mimi. Nikamjaribu tena kwa jina zima, kama Jumatatu. "Naam!"

Kwa hiyo malalamiko yote sita naomba myafute, na suti nitaivaa mwenyewe. Ila mama wenu nimemfungulia tena. Kutwa ya leo Tetsuro alikuwa kazini, mama mkwe kwenye ngoma zake za wazee, Hayate amelala mchana, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi sikuipenda. Nimegundua kwamba ni yeye tu anayeniambia habari yoyote nzima kila siku. Msimbadilishe. Ila ikiwezekana, akishamaliza kutangaza maji, aseme tu, "Pole na kazi, Mama Hayate," maana humu ndani hakuna mwingine wa kuniambia, na...

Samahanini, naitwa huko bafuni. "Mama! Mama, njoo uone!" Ni Hayate, ameniita mimi, hajangoja mtu amwambie, na sauti yake ni ya ghalani kabisa, kama yangu.